Wiki 24 kileleni kwa singo ya kwanza: je, zilinunuliwa?

"Mimi ni mwimbaji wa country hapa Nakuru. Singo yangu ya kwanza ilitoka miezi mitatu iliyopita, nikaisukuma kwa wiki mbili, na sasa imelala kabisa. Nimesoma kwamba Florida Georgia Line walikaa namba moja Marekani wiki 24 na wimbo wao wa kwanza, na kwamba kuna nyimbo nyingine za country zilizodumu kwenye chati zaidi ya mwaka. Kuna promota anayeniambia hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda: unalipa, unapandishwa, unawekwa pale. Anataka shilingi 85,000 aupeleke wimbo wangu 'chati ya Nashville' na kuuweka huko miezi sita. Nimeshamtumia 20,000 kwa M-Pesa kama kianzio. Nimalizie? Au nifute wimbo huu nitoe mwingine?"

Dada, la haraka kwanza: usimtumie mtu huyo hata shilingi moja zaidi, na wimbo wako usiufute. Sasa tuzungumze kwa nafasi, maana swali lako limebeba maswali matatu, na lile linalokuuma zaidi hukuliuliza waziwazi. Unajiuliza kama wimbo uliolala ndani ya miezi mitatu ni wimbo mbovu, ukijipima na wenzako waliokaa kileleni karibu nusu mwaka. Kwa hiyo naanza na hizo wiki 24. Promota wako anazitumia kama ushahidi, na ukizichunguza utaona hazisemi anachodai.

"Cruise" ndiyo singo ya kwanza ya Florida Georgia Line kusukumwa redioni na lebo. Hilo ni kweli. Lakini Tyler Hubbard wa Georgia na Brian Kelley wa Florida, wawili waliounda kundi hilo, hawakuwa wageni Nashville, mji wa biashara ya country Marekani. Walikutana Chuo Kikuu cha Belmont huko huko, wakapiga vilabuni kwa miaka, wakatoa EP (albamu fupi) mwaka 2010 na nyingine Mei 2012. "Cruise" ulianza kuchezwa na The Highway, idhaa ya country ya redio ya setilaiti SiriusXM, kabla hawajasaini na lebo kubwa. Lebo ilipofika ilikuta watu tayari wanauomba wimbo. Agosti 2012 ndipo ulipopelekwa rasmi kwenye vituo vya kawaida. Miezi mitatu yako unailinganisha na kazi ya miaka ambayo ulichosoma hakikuisimulia.

Katikati ya Desemba 2012 wimbo ulishika namba moja kwenye Country Airplay, chati ya jarida la Marekani la Billboard inayopima redio za country peke yake. Ulikaa hapo wiki tatu tu. Zile 24 ni za chati nyingine, Hot Country Songs, na hata huko hazikufuatana. Ulikuwa juu mwishoni mwa 2012 na Januari 2013, ukashuka, kisha Aprili ikatoka remix wakiwa na rapa Nelly wa St. Louis, ukapanda tena na kung'ang'ania kilele hadi rekodi ikavunjika. Rekodi yenyewe ilikuwa wiki 21, na Eddy Arnold, Hank Snow na Webb Pierce walikuwa wakiishikilia kwa pamoja tangu miaka ya 1940 na 1950.

Ni nini kilichofanya rekodi ya zaidi ya nusu karne ivunjwe na vijana wawili wageni redioni? Wimbo wenyewe una sehemu yake. (Binafsi sikuwahi kuupenda sana, ila kiitikio chake kikishakuingia kichwani hakitoki, na hiyo ni kazi ya fundi.) Sehemu kubwa zaidi ni jambo lililotokea wiki chache kabla. Oktoba 2012 Billboard walibadilisha namna ya kuhesabu. Kabla ya hapo Hot Country Songs ilihesabu redio za country tu. Kuanzia siku hiyo ikahesabu mauzo ya mtandaoni, strimu (usikilizaji wa mtandaoni), na redio za kila aina, za pop zikiwemo. Wiki ile ile ya kwanza, wimbo mmoja wa Taylor Swift uliokuwa nafasi ya 21 uliruka moja kwa moja hadi namba moja. Mashabiki hawakuongezeka usiku mmoja. Kipimo ndicho kilichobadilika.

Sasa itazame remix ya Nelly kwa jicho hilo. Vituo vya pop vilipoanza kuicheza, kila vilipoicheza iliingia kwenye hesabu ya chati ya country. Mwimbaji aliyekuwa anapendwa na redio za country peke yake hakuwa na namna ya kufikia jumla hiyo, hata kama wapenzi wa country walimpenda kuliko Florida Georgia Line. Ndiyo maana rekodi hazikuishia hapo. Mwaka 2017 Sam Hunt alikaa wiki 34. Kisha Bebe Rexha, ambaye ni mwimbaji wa pop, akishirikiana na hao hao Florida Georgia Line, alikaa wiki 50 kati ya mwisho wa 2017 na Novemba 2018. Miaka zaidi ya sitini bila mtu kupita wiki 21, halafu rekodi inavunjwa mara tatu ndani ya miaka sita. Mtu akikuletea rekodi ya chati, muulize kwanza ni chati ipi na ya mwaka gani.

Hata kurudi nyuma zaidi utakuta jambo hilo hilo. Miaka ya 1980 chati ya country ya Billboard ilitegemea orodha ambazo vituo vilituma vyenyewe. Kituo kilisema "huu ndio wetu wa kwanza wiki hii", wiki ijayo kinataja mwingine, na lebo zilipanga zamu. Kukawa na namba moja mpya karibu kila wiki. Januari 1990 walianza kutumia mitambo inayosikiliza redio na kuhesabu wimbo umechezwa mara ngapi hasa. Ghafla nyimbo zikaanza kukaa juu muda mrefu, kwa sababu redio halisi haiachi wimbo unaopendwa baada ya siku saba.

Kuna mfano mwingine nadhani utakugusa zaidi, kwa kuwa ni wa msichana. Gabby Barrett alishika nafasi ya tatu kwenye American Idol, shindano la uimbaji la runinga ya Marekani, mwaka 2018. Singo yake ya kwanza, "I Hope", iliingia redioni mwaka 2019 na ikafika namba moja ya redio za country Aprili 2020. Ikatoka remix na mwimbaji wa pop Charlie Puth, redio za pop zikaupokea, na kwenye Hot Country Songs ukakaa kileleni zaidi ya wiki 20. Kwenye chati kuu ya nyimbo zote, Hot 100, ulifika namba tatu na ukadumu humo zaidi ya mwaka. Njia ni ile ile ya "Cruise": jukwaa la kwanza, kisha redio, kisha mlango wa pili unafunguliwa na mshirika wa pop. Alifanya hivyo katika biashara isiyowapa wanawake nafasi sawa. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio kule alisema hadharani kwamba wanaume ndio saladi na wanawake ni nyanya tu za juu yake. Makelele yaliyofuata hayajaisha mpaka leo.

Aina ya pili ya kukaa sana ni tofauti kabisa, na ndiyo inayofanana na hali yako. Hapa wimbo haukai kileleni. Unapanda polepole mno. Lee Brice alidumu wiki 56 kwenye Hot Country Songs na "Love Like Crazy", na hakuwahi kupita nafasi ya tatu. Lakini Billboard walipojumlisha mwaka 2010 wote, huo ndio uliokuwa wimbo namba moja wa country wa mwaka. Travis Denning alihitaji wiki 65 kufika namba moja ya redio mwaka 2020.

Inakuwaje wimbo upande mwaka mzima? Mkuu wa vipindi wa kituo cha country ana nafasi chache za nyimbo mpya, na nyingi zimeshikwa na majina makubwa. Mgeni anaingizwa usiku, saa sita, saa nane, mara chache kwa wiki. Wasikilizaji wa saa hizo ni wachache, kwa hiyo wimbo unapata hesabu ya kuuweka chini kabisa kwenye chati bila watu wengi kuujua. Baada ya wiki kadhaa kituo kinafanya utafiti: kinawachezea wasikilizaji kipande cha sekunde chache na kuwauliza kama wanaujua, kama wanaupenda, kama wameuchoka. Wimbo wa mgeni karibu kila mara hufeli swali la kwanza, na wimbo ambao watu hawaujui haupati kura za kupendwa. Hapo lebo inaamua. Ikiwa wale wachache waliousikia wameupenda, lebo inasubiri na kuwabembeleza wakuu wa vipindi wauhamishie saa za asubuhi na jioni. Ikiwa hawakuupenda, inaacha.

Lebo ina sababu yake ya kusubiri. Ikitoa singo ya pili ya mwimbaji yule yule, zote mbili zinagombea nafasi moja. Kwa hiyo singo ya kwanza huachwa itambae hadi ifike inapofika. Kanuni za chati nazo zinasaidia. Kwa kawaida wimbo uliomaliza wiki 20 na kuanza kuporomoka chini ya nafasi ya 10 huondolewa ili kupisha wapya, lakini ule unaoendelea kupanda, hata kwa mwendo wa kobe, huachwa. Matokeo yake ni ajabu kidogo: kibao cha nyota mkubwa kinapaa, kinafika, kinashuka na kuondolewa ndani ya miezi mitano, huku wimbo wa mgeni asiyejulikana ukihesabiwa wiki 50 na kitu. Muda mrefu kwenye chati mara nyingi ni dalili ya kuchelewa kujulikana.

Sasa suala la fedha, na hapa sitakuficha. Pesa zipo kwenye mchezo huu, nyingi. Lebo inalipa mishahara ya watu ambao kazi yao ni kuzunguka vituo, na inamsafirisha mwimbaji mgeni mji baada ya mji akaimbe na gitaa mbele ya wafanyakazi wa kituo ofisini kwao. Hiyo ni halali. Kumlipa mtangazaji kwa siri acheze wimbo ni kosa la jinai Marekani tangu mwaka 1960, na watu wameendelea kunaswa. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya mwanasheria mkuu wa New York kuchunguza zawadi na malipo kwa vituo. Kwa hiyo promota wako hakosei anaposema fedha hutumika. Anakosea anaposema fedha zinaweza kuuweka wimbo mahali na kuufunga pale miezi sita. Redio inayocheza wimbo usiopendwa inapoteza wasikilizaji, na hakuna lebo yenye mfuko wa kuufidia huo mwaka mzima.

Tena mji huo huo wa Nashville una historia ya watu kama promota wako, na si historia ya kuchekesha. Miaka ya 1980 jarida la Cash Box lilikuwa na chati yake ya country kwa wasanii wa lebo ndogo. Mapromota walikuwa wakiwatoza waimbaji wachanga, wengi wakiwa watu wa vijijini waliokusanya akiba au kukopa, wakiwaahidi nafasi kwenye chati ile. Nafasi walipata, zimechapishwa kabisa, wakakata kurasa na kuzihifadhi. Redio hazikuwa zikizicheza nyimbo zao, wala watu hawakuwa wakizinunua. Machi 1989 kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisimamia chati hiyo aliuawa kwa risasi mtaa wa Music Row. Waendesha mashtaka walieleza kwamba hakukubali kuendelea na hesabu za uongo. Mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye jarida hilo alitiwa hatiani mwaka 2003, na jarida lilikuwa limeshafungwa mwaka 1996.

Sisemi mtu wako ni jambazi. Nasema biashara anayokuuzia ni ya zamani. Mwulize chati anayoizungumzia inaitwaje, nani anaichapisha, na inahesabu nini. Akisema Billboard, mwambie akutajie vituo vya Marekani vitakavyoucheza wimbo wako, maana bila kuchezwa, kununuliwa au kustrimiwa Marekani hakuna kinachohesabiwa. Na hata ukiwa na hesabu, Billboard ndio wanaoamua wimbo ni wa aina gani. Mwaka 2019 Lil Nas X aliingia Hot Country Songs na "Old Town Road" katika nafasi ya 19, wakamtoa wakisema wimbo hauna sifa za country za kutosha, kisha akaenda kukaa namba moja ya Hot 100 wiki 19. Kama yeye alitolewa akiwa na mamilioni ya strimu, sioni promota wa Nakuru atamshika nani mkono.

Ninachohofia ni moja ya mambo matatu. Huenda "chati" hiyo ni tovuti ya rafiki yake. Huenda ni orodha ya duka la mtandaoni katika nchi yenye wanunuzi wachache, kwenye kategoria ndogo, ambapo mauzo machache tu ya siku moja yanakupandisha hadi juu upate picha ya kuweka Facebook, na kesho yake hupo. Au, baya zaidi, atanunua strimu za roboti. Hilo litakuumiza wewe, si yeye. Tangu 2024 Spotify humtoza msambazaji (kampuni iliyoupeleka wimbo mtandaoni) faini kwa kila wimbo wenye strimu nyingi za bandia, na msambazaji atakurudishia gharama hiyo au kuuondoa wimbo wako. Utakuwa umelipa 85,000 ili ufungiwe akaunti.

Kuhusu kufuta: usifute. Wimbo ulioko mtandaoni haukuli chochote, na kila aliyeuhifadhi kwenye orodha yake ataupoteza ukiuondoa. Fungua takwimu zako uangalie kitu kimoja. Miongoni mwa watu walioucheza, wangapi walirudi kuucheza tena, na wangapi waliuhifadhi? Ikiwa walisikiliza wachache lakini wanarudi, wimbo wako uko mahali alipokuwa Lee Brice wiki ya kumi, na unachokosa ni watu wa kuusikia. Ikiwa walisikiliza wengi na hakuna anayerudi, kubali, uache pale ulipo, utoe wa pili. Kutoa wa pili hakukulazimu kuua wa kwanza. Wewe huna mkuu wa vipindi wa Texas wa kukugombanisha na nafsi yako.

Zile 65,000 zilizobaki zina kazi bora. Kenya ina wasikilizaji wa country ambao nchi nyingi za Afrika hazina. Wazazi wetu walilelewa na Jim Reeves na Don Williams redioni, na Sir Elvis Otieno amejijengea jina kwa kupiga muziki huu jukwaani, usiku baada ya usiku, mbele ya watu wanaojua maneno yote. Peleka wimbo kwa watangazaji wa vipindi vya country vya wikendi, wewe mwenyewe, ukiwa na gitaa. Tafuta siku moja kwa mwezi kwenye ukumbi ambao tayari una usiku wa country, hata kama malipo ni madogo. Sajili wimbo uwe Skiza, mlio anaousikia anayekupigia simu. Na ukipata mwimbaji wa aina nyingine, wa benga au wa injili, ambaye sauti zenu zinaelewana, rekodini toleo la pili la wimbo huu huu. Ndicho walichofanya Florida Georgia Line na Gabby Barrett, na kwa bei za studio za Nakuru kinawezekana. Sikuahidi chati. Inawezekana ukafanya yote haya na wimbo ukabaki wa watu mia tano. Wengi hubaki hapo.

Kuna sehemu moja ambayo maandishi yangu hayatoshi. Hukuniambia kama ulisaini chochote ulipotoa ile 20,000. Kama ulisaini, hata karatasi moja ya mkono, ipeleke kwa wakili anayejua mikataba ya wasanii kabla ya kufanya lolote. Nimeona mikataba ya "promosheni" ambayo ndani yake msanii amekabidhi umiliki wa rekodi yenyewe. Kama wimbo haujasajiliwa, pita Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ukausajili kwa jina lako, na uulize hapo hapo ni vyama vipi vyenye leseni kwa sasa vya kukusanyia malipo ya utunzi na ya uimbaji. Chukua taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ule muamala, na uhifadhi mazungumzo yote ya WhatsApp aliyokuahidi miezi sita. Akikataa kurudisha fedha, au akianza kukutisha, hilo si la muziki tena, ni la kituo cha polisi, na wakili atakuambia uandike maelezo namna gani. Ukishamwona wakili, ndipo umpigie simu promota.